Neutrofili zangu ziko chini: je, uboho wangu umechoka?

"Shikamoo daktari. Nina miaka 29, naishi Tanga. Mwezi uliopita nilipima afya kwa ajili ya ajira mpya. Kwenye FBP, yaani hesabu kamili ya seli za damu, jumla ya seli nyeupe ilikuwa 3.4, neutrofili 1.2 ikiwa na herufi L, limfosaiti asilimia 53 ikiwa na H. Hemoglobini 12.6, chembe sahani (zile za kugandisha damu) 241. Nilirudia baada ya wiki tatu, neutrofili zikawa 1.3. VVU hasi mara mbili, homa ya ini B hasi. Sina homa, sijapungua uzito, situmii dawa yoyote. Kinachonitisha ni kwamba miaka miwili iliyopita nilipofanyiwa upasuaji wa kidole tumbo, seli nyeupe zilikuwa 12.1 na neutrofili 9.6. Yaani zimeporomoka kutoka tisa hadi moja! Aliyenipa majibu alisema uboho wangu 'hauzalishi vizuri'. Shangazi ananinywesha juisi ya rozela na kunilisha maini kila siku, na kuna mtu ameniuzia vidonge vya kuongeza kinga kwa shilingi 85,000. Nikaingia mtandaoni, nikakutana na saratani ya damu. Tangu siku hiyo silali. Hizi seli zinatengenezwaje, na je, uboho wangu umeharibika? Nitobolewe mfupa?"

Marahaba mwanangu. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, na kilichonituliza mimi ndicho hicho hicho kilichokunyima wewe usingizi: ile 9.6 ya siku ya kidole tumbo. Wewe umeiona kama kilele ulichoporomoka kutoka juu yake. Mimi naiona kama ushahidi kwamba uboho wako, ulipoitwa, uliitika. Vumilia kidogo nikupeleke ndani ya mfupa, halafu turudi kwenye karatasi yako.

Kwanza tuisome karatasi yenyewe, maana nusu ya hofu ya majibu ya FBP hutokana na herufi L (chini ya kiwango) na H (juu ya kiwango) ambazo mashine huzichapa bila kumjua mwenye damu. Neutrofili ni seli nyeupe zinazopambana na bakteria, na 1.2 maana yake ni seli bilioni 1.2 katika lita moja ya damu, au seli 1,200 katika mikrolita moja. Maabara nyingi huanza kuweka L chini ya 2.0, nyingine chini ya 1.5. Ile H ya limfosaiti, aina nyingine ya seli nyeupe, iondoe kabisa kichwani. Asilimia ni mgawo tu: fungu la mmoja likipungua, la mwenzake huonekana limenenepa hata kama hakuongezewa kitu. Chukua 3.4 yako, tafuta asilimia 53 yake, unapata limfosaiti 1.8. Hicho ni kiwango cha kawaida kabisa. Hazijazidi, zimeonekana nyingi kwa sababu jirani zake ni wachache. Na hemoglobini yako na chembe sahani zako ziko sawa. Hilo nitalirudia mbele, kwa sababu ndilo lenye uzito kuliko yote.

Sasa uboho. Wengine huuita uroto. Ule unaoufyonza kwenye mfupa mkubwa wa supu ni wa manjano, umejaa mafuta, na kwa habari ya damu umeshastaafu. Kiwanda chenyewe ni uboho mwekundu. Mtoto mchanga anao karibu katika kila mfupa. Mtu mzima kama wewe umebaki kwenye nyonga, pingili za uti wa mgongo, kidari, mbavu, fuvu, na ncha za juu za mifupa ya mapaja na mikono. Humo zimo seli shina, chache sana, ambazo kazi yake ni mbili: kujinakili zisije zikaisha, na kuzaa watoto watakaogeuka kuwa seli nyekundu, chembe sahani au seli nyeupe za aina mbalimbali. Neutrofili ni aina mojawapo tu ya hizo nyeupe, lakini ndiyo yenye watu wengi: kwa kawaida ni kati ya asilimia 40 na 70 ya seli nyeupe zote zinazozunguka.

Ninapoweka kipande cha uboho chini ya darubini huwa napenda kuwaonyesha wanafunzi safari ya neutrofili moja, kwa sababu hatua zake zote zinaonekana kwenye kioo kimoja, mtoto na mzee wamekaa pamoja. Ya kwanza ni seli kubwa yenye kiini kilichojaa karibu chumba chote, laini, bila mapambo. Inayofuata imeanza kujaza chembechembe za zambarau iliyokolea: ndizo silaha zake za kwanza, na miongoni mwake kuna kimeng'enya chenye rangi ya kijani. Ukiona usaha au makamasi mazito yenye ukijani, unakiangalia kimeng'enya hicho hicho kilichofungashwa ndani ya mfupa siku nyingi kabla. Hatua ya tatu chembechembe mpya hupikwa, ndogo na hafifu zaidi, kiini bado ni cha mviringo. Mpaka hapo seli hugawanyika: moja kuwa mbili, mbili kuwa nne. Kisha kugawanyika kunakoma na kazi inayobaki ni kukomaa tu. Kiini kinabonyea kama haragwe. Haragwe linazidi kujikunja mpaka linakuwa kama herufi C. Mwisho C inakatika vipande vitatu, vinne au vitano vilivyoshikamana kwa nyuzi nyembamba, mfano wa shanga katika uzi. Umbo hilo si urembo. Seli yenye kiini cha mviringo kigumu ingekwama kwenye ukuta wa mshipa. Yenye kiini cha shanga hupenya kwenye upenyo mwembamba na kutokea upande wa pili, kwenye nyama, ambako bakteria wako.

Safari yote hiyo huchukua kama wiki mbili, siku chache zaidi au pungufu. Ndiyo sababu mgonjwa aliyepewa dawa za saratani seli zake nyeupe hazishuki siku ya sindano, huzama kati ya siku ya 7 na ya 14: dawa imewagonga wale wanaogawanyika, na waliokwisha kukomaa wanaendelea kutumika mpaka wanakwisha.

Kwa siku moja uboho wa mtu mzima mwenye afya hutoa takriban neutrofili bilioni 100. Umesoma vizuri, kwa siku. Sababu ni kwamba neutrofili haikai. Seli nyekundu huishi karibu siku 120. Neutrofili ikishaingia kwenye damu huzunguka kwa saa kadhaa tu, halafu inaingia kwenye nyama au inaondolewa na ini, wengu na uboho wenyewe. Hapo ndipo penye ajabu ambayo watu wengi hawaijui: katika damu seli nyekundu ni mamia kwa kila nyeupe moja, lakini ukienda kiwandani mambo yamegeuka. Wanaoandaliwa kuwa neutrofili na ndugu zao ni mara mbili hadi nne ya wanaoandaliwa kuwa seli nyekundu. Sehemu kubwa ya jasho la uboho inakwenda kwa hawa wapita njia.

Na si wote wanaotoka mara wakikomaa. Uboho una ghala. Neutrofili zilizokwisha kukomaa hushikiliwa humo kwa kamba za kikemikali, zikisubiri, na idadi yake inazidi kwa mara nyingi zile zinazozunguka kwenye damu. Halafu hata zile zilizoko kwenye damu, karibu nusu hazielei katikati ya mshipa. Zimejibanza ukutani, na sindano ya maabara haizipati. Panda ngazi mbio kabla ya kutolewa damu na hesabu itapanda, kwa sababu zimeachia ukuta, si kwa sababu umetengeneza mpya.

Kwa hiyo kipimo chako kimehesabu nini? Nenda stendi ya mabasi hapo Tanga saa tisa usiku, hesabu watu, kisha utangaze kwamba hao ndio wakazi wa mji. Waliolala majumbani umewaacha, walioko kazini umewaacha, umehesabu walioko njiani tu. Damu ni njia. Neutrofili 1.2 ni idadi ya wasafiri kwa wakati ule, haikuambii ghala lina nini wala kiwanda kinakwendaje. Aliyekuambia uboho wako "hauzalishi vizuri" kwa kutazama namba hiyo peke yake aliruka hatua kadhaa, nami nadhani aliruka kwa nia njema, lakini aliruka.

Turudi siku ya kidole tumbo. Uchochezi ulipoanza tumboni, mwili ulipiga mbiu. Mojawapo ya wapiga mbiu ni protini ambayo madaktari huiita G-CSF: inaharakisha kiwanda na kufungua mlango wa ghala. Ndani ya saa chache neutrofili zako zikafika 9.6. Uboho ulioishiwa hauwezi hilo, hata ukipigiwa ngoma. Kwa hiyo usilinganishe 9.6 na 1.2 kama vile zote mbili ni hali yako ya kawaida. Moja ilikuwa vita, nyingine ni siku ya kawaida ya amani. Swali sahihi ni: kwa nini wewe siku ya amani una 1.2 wakati karatasi inataka 2.0?

Jibu ninaloliona kuwa na uwezekano mkubwa kwako linahusu kundi la damu usilolisikia mara nyingi. Unazijua A, B, AB na O, pamoja na Rhesus. Yako makundi mengine mengi, na mojawapo ni Duffy, lililogunduliwa mwaka 1950 na kupewa jina la mgonjwa ambaye damu yake ndiyo iliyolifichua. Ni protini inayokaa juu ya seli nyekundu. Watu wengi wenye asili ya Afrika kusini ya Sahara hawana protini hiyo kwenye seli nyekundu, kwa sababu ya badiliko la herufi moja tu katika jeni, linalozima swichi ya protini hiyo kwenye seli hizo na kuiacha ikiwaka kwingine mwilini. Afrika Magharibi na ya Kati karibu kila mtu yuko hivyo. Huku kwetu ni wengi pia, na hali hiyo hupatikana hadi Yemen na Oman. Mwaka 2009 watafiti nchini Marekani walionyesha kwamba badiliko hilo ndilo linaloeleza kwa nini watu wengi wenye asili ya Afrika wana neutrofili chache kwenye damu.

Uboho wa watu hawa ukitazamwa huwa wa kawaida. Katika majaribio ya panya, ambayo matokeo yake yalitoka 2017, ilionekana kwamba protini hiyo ikikosekana kwenye seli changa nyekundu ndani ya uboho, neutrofili zinazozaliwa huwa na tabia tofauti kidogo: huiacha damu upesi na kuingia kwenye nyama. Yaani wasafiri ni wale wale, ila hawapendi kukaa stendi. Na jambo kubwa: watu hawa hawaugui maambukizi zaidi ya wengine kwa sababu ya hesabu hiyo. Zamani hali hii iliitwa upungufu usio na madhara wa kikabila, jina ambalo sijawahi kulipenda, maana linamwita mtu mzima mwenye afya "mpungufu" kwa kumpima na kijiti kilichokatwa kwa mwili wa mwingine.

Na ndivyo ilivyokuwa. Viwango vingi vinavyochapwa pembeni ya majibu vilitokana na watu wa Ulaya na Amerika Kaskazini. Tafiti zilizochapishwa mwaka 2008 kwa watu wazima wenye afya huko Mbeya, na nyingine ya Kericho nchini Kenya, zilikuta neutrofili zikiwa chini ya viwango hivyo vya nje. Mashine ya maabara yako huenda haijaambiwa.

Kwa nini badiliko hilo likaenea kwetu? Kuna vimelea vya malaria viitwavyo vivaksi ambavyo huutumia mlango wa Duffy kuingia kwenye seli nyekundu. Mwaka 1976 ilionyeshwa kwamba wasio na mlango huo hawaambukizwi kirahisi. Usije ukatupa chandarua lakini! Malaria inayoua watu Tanga ni ya falsiparamu, na hiyo haiulizi Duffy.

Nimesema "uwezekano mkubwa", sikusema "hakika". Sijakugusa, sijauona wengu wako, na neutrofili hushuka kwa sababu nyingine pia. Virusi, hata vya mafua ya kawaida, huzishusha kwa wiki kadhaa. Homa ya matumbo, malaria, kifua kikuu na VVU vinaweza kufanya hivyo. Vipimo vyako vya VVU ni hasi, vizuri. Wengu mkubwa, uwe umetokana na kichocho au malaria ya muda mrefu, huzizuia ndani yake. Ukosefu wa vitamini B12 au foliki huvuruga kugawanyika kule nilikokueleza, ila hapo mara nyingi na seli nyekundu huathirika. Halafu dawa: Septrini, dawa za tezi la shingo kama kabimazo, baadhi ya dawa za kifafa na za maradhi ya akili. Umesema hutumii dawa yoyote, kisha ukanitajia vidonge vya 85,000. Hivyo ni dawa, mwanangu. Viache leo, hasa kama kopo haliorodheshi kilichomo. Hakuna kidonge cha "kuongeza kinga" ninachokijua kinachopandisha neutrofili za mtu mwenye afya, na dawa zisizojulikana kilichomo ni mojawapo ya vitu ninavyovitafuta kwanza neutrofili zikishuka kweli.

Rozela na maini havina ugomvi na mimi. Maini yana madini ya chuma, na chuma ni malighafi ya hemoglobini. Kwa aliyepungukiwa damu ni msaada. Lakini neutrofili hazijengwi kwa hemoglobini, na hemoglobini yako haina shida. Mwambie shangazi nimemshukuru, na kwamba mara mbili kwa wiki inatosha. Kuhusu sindano za G-CSF, zipo, zinatumika tangu 1991, zimeokoa wagonjwa wengi wa saratani. Kwako zingepandisha namba kwenye karatasi, zikuumize mifupa, zikumalizie pesa, na zisikupe afya ambayo tayari unayo.

Mfupa kutobolewa? Kwa hali uliyonieleza, hapana. Kipimo hicho huchukuliwa nyuma ya nyonga kwa sindano nene baada ya ganzi. Ganzi huzuia maumivu ya ngozi na ya juu ya mfupa, ila pale uboho unapofyonzwa mtu huhisi kuvutwa ndani kwa sekunde chache, na hilo hakuna anayelisahau. Sifanyi hivyo kwa udadisi. Ningekifanya kama hemoglobini au chembe sahani nazo zingekuwa zinashuka, kama kioo cha damu, yaani tone la damu lililopakwa kwenye kioo na kutazamwa kwa darubini, kingeonyesha seli changa zisizotakiwa kuwa nje ya uboho, kama wengu au tezi zingekuwa zimevimba, au kama neutrofili zingekaa chini ya 0.5. Saratani ya damu mara chache huja ikagusa kundi moja tu na kuacha mengine yakiwa salama kama yako. Ndiyo maana nilisema hemoglobini na chembe sahani zina uzito kuliko yote.

Kinachobaki ni kazi ndogo. Nenda kwa daktari akupapase tumbo upande wa kushoto chini ya mbavu, akutazame kinywa na tezi. Omba kioo cha damu kisomwe na mtu kwa macho, si mashine. Rudia FBP baada ya miezi miwili au mitatu, siku ambayo hujaumwa. Ikiwa itabaki pale pale kwenye 1.2 au 1.4, utulivu huo wenyewe ni jibu zuri: ugonjwa husogea, maumbile hukaa. Kipimo cha kundi la Duffy kipo kwenye baadhi ya maabara kubwa. Ukikipata na kikasema huna protini hiyo, mjadala umekwisha, lakini ukikikosa usisafiri kwa ajili yake. Uliza pia ndugu zako. Mara nyingi mama au kaka naye ana namba za namna hiyo.

Usisubiri miadi kama utapata homa ya 38 au zaidi ukiwa huna sababu inayojulikana na ikaandamana na vidonda vya kinywani au kooni, majipu yanayojirudia, ufizi kuvimba, michubuko isiyo na sababu, au kutoka jasho usiku huku unapungua. Nenda siku hiyo hiyo, na wapime FBP pale pale. Mtu ambaye neutrofili zake ziko chini ya 0.5 na ana homa hatakiwi hata kusubiri asubuhi. Hata usaha anaweza asiwe nao, kwa sababu wa kuutengeneza hawapo.

Na ile fomu ya ajira: mwombe daktari atakayekupima aandike kwa maneno, chini ya namba, kwamba neutrofili ni chache bila dalili za ugonjwa, hemoglobini na chembe sahani ni za kawaida, na kwamba unafaa kwa kazi. Kisha hifadhi nakala za vipimo vyote vitatu, pamoja na ile ya kidole tumbo, kwenye faili moja. Siku ukihitaji dawa za saratani au dawa ya akili iitwayo klozapini, daktari atataka kujua kiwango chako cha siku zote kilikuwa kipi kabla ya kuamua kwamba dawa imekushusha, na utakuwa na karatasi ya kumwonyesha.